Magunia Sita Chini ya Godoro

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nalisema hili mapema ili tusisumbuane, ninyi vijana mnaoendesha siku hizi na simu imebandikwa kwenye kioo ikiwaambia pinda hapa, pinda pale. Mimi nimeendesha Kasulu–Kibondo wakati vumbi lilikuwa linaingia mpaka ndani ya yai. Nimebeba maiti kiti cha mbele, kofia kichwani na mkanda kiunoni, kwa sababu ndugu zake hawakuweza kukodi gari zima. Askari wa kizuizi akamsalimia mara mbili, akasema huyu mzee ana dharau. Mwaka 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, niliona watu wanarudi Burundi wamejitwika milango ya nyumba zao. Vitanda wameacha, masufuria wameacha, wamebeba milango. Sikushangaa. Mtu anajua anachokihitaji.

Shule niliishia darasa la nne, na hilo la nne nililirudia. Haya maandishi ni yangu, binti yangu amenisahihishia nukta na herufi kubwa tu. Naandika nimesimama kwenye kaunta ya duka la mke wangu, kwa sababu kukaa nimeshindwa. Mguu wa kulia bado unatafuta mafuta ya kukanyaga. Mke wangu anasema nitatoboa sakafu.

Gari langu lilikuwa mkonga, lile la chuma tupu lenye bomba la kuvuta hewa lililopanda kando ya kioo kama mkonga wa tembo. Nililinunua mnadani, miaka mingi kabla Mtabila haijafungwa, wakati vitu chakavu vya kambini vinauzwa. Lilikuwa limepandishwa juu ya matofali na kuku wametaga kwenye injini. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa baiskeli, napeleka unga wa muhogo kambini na kurudi na chochote kinachouzika. Kasulu nzima ilicheka. Nikalala chini ya lile gari wiki tano. Siku nilipolitoa linanguruma, waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kuuliza nauli. Sikusaidiwa na mtu. Hilo mlikumbuke.

Haya, nilisaidiwa na mmoja. Mzee Salumu, mtu wa Pangani, aliyeletwa huku na lori miaka hiyo akaoa Muha akabaki. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba gari linasikilizwa kwa makalio, masikio yanafuata. Alinifundisha na rasta, ile mistari ya barabara ya vumbi inayofanana na bati. Mjinga anaipita polepole akidhani anahurumia gari. Polepole ndiyo inayong'oa boliti. Unapandisha mwendo mpaka matairi yanagusa vichwa vya mistari tu, halafu unashika usukani kama unavyomshika kifaranga. Alinifundisha pia kwamba mkonga ukiwa mtupu unarusha mateke. Springi zake zilitengenezwa kwa ajili ya uzito, na usipozipa uzito zinakurudishia kila jiwe unalokanyaga.

Siku moja tulikuwa tumembeba mama mwenye uchungu kutoka Makere, gari tupu, na kila rasta yule mama analia. Mzee Salumu akaniambia simama. Akachomoa kijiti cha kiberiti alichokuwa anakitafuna, akashuka, akazunguka gari, akabonyeza vali za matairi yote manne, tss, tss, tss, tss. Dakika tatu. Akarudi kukaa.

"Endesha."

Gari likalainika kama mgongo wa ng'ombe. Mtoto alizaliwa hospitali, na mpaka leo jina lake ni Salumu ingawa ni Mkatoliki.

"Upepo ni wa Mungu," aliniambia wakati tunajaza matairi kwa pampu ya mguu. "Unautoa, unaurudisha. Haukudai kitu."

Tangu siku ile na mimi nikawa natembea na kijiti cha kiberiti mdomoni. Watu walidhani ni maringo. Kweli, na maringo yalikuwamo.

Sasa niwaambie habari ya mdogo wangu Yustasi, kwa maana ndiyo iliyonitoa kwenye usukani.

Yustasi ni fundi uashi. Tofauti na mimi, yeye hasemi sana. Nyumba nyingi mnazoziona Kasulu zenye pembe zilizonyooka ni zake. Alikuwa na presha, akaambiwa anywe vidonge, akavinywa wiki mbili, akasema anajisikia vizuri, akaacha. Mwaka 2014, kiangazi, asubuhi, akiwa juu ya jukwaa la mbao anajenga lenta, tofali lilimponyoka mkono wa kushoto. Akaliangalia lilivyoanguka. Akachukua jingine, nalo likaponyoka. Vibarua wake wakacheka, fundi amelewa asubuhi. Ndipo wakaona mdomo umekwenda upande.

Hapo chukueni hili. Mtu akiwa hivyo msimpe maji, msimpe uji, msimmwagie ndoo. Koo lake halifanyi kazi na mtamzamisha mkiwa nchi kavu. Na tazameni saa. Daktari wa kwanza mpaka wa mwisho wote watauliza saa ngapi, na wote watauliza kwa sababu.

Alilazwa hospitali ya misheni kule Kabanga. Siku ile alikuwa anaongea, ulimi mzito, lakini anaongea. Kesho yake alfajiri daktari aliniita kando, mimi na shemeji yangu Adela, mke wa Yustasi.

"Ni kiharusi kikubwa, upande wa kulia wa ubongo," alisema. "Leo na kesho ndizo siku za hatari. Sehemu iliyokosa damu itavimba. Ikivimba sana, kuna operesheni ya kumpunguzia, lakini sisi hapa hatuifanyi. Awe Mwanza kabla hajaanza kusinzia. Gari la wagonjwa limempeleka mama Kigoma tangu usiku, halijarudi."

"La nini gari la wagonjwa," nikasema. "Yule dereva wao anaendesha kama anasindikiza bibi harusi. Mimi hapa hadi Mwanza hakuna anayenikuta."

Daktari alinitazama. "Kichwa chake kiinuliwe hivi, kama mtu aliyeegemea mito. Asile kitu. Nawapa nesi na dripu ya kuvuta maji kwenye ubongo. Na msisimame popote isipokuwa kwa mafuta."

"Nimeelewa."

Shemeji Adela alikuwa hajalala. Alinishika mkono, jambo ambalo kwetu shemeji hafanyi hivi hivi. "Shemeji, wewe ndiye unayejua gari," alisema.

Nesi aliitwa Hadija, mtu wa Tanga, aliyepangiwa kazi huku. Mwembamba, mpole, Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona haya kujibu. Alining'iniza dripu kwenye kishikio juu ya dirisha, akaifunga kwa kitenge cha Adela isiyumbe, akapanga mito, akakaa kwenye benchi la pembeni akiwa amemshika Yustasi kidevu. Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi.

Gari lilikuwa tupu, na lilirusha. Sitadanganya. Nilijitahidi kupanda juu ya rasta lakini barabara ilikuwa imekatwa na malori. Kila shimo nilisikia Yustasi anaguna. Nikawa naona kwenye kioo kichwa chake kinavyotikisika, na Hadija amekikumbatia kama mtungi.

Saa tatu tuliingia Kibondo. Na Kibondo, kwenye stoo ya Bwana Hemedi karibu na soko, nilikuwa na magunia sita ya maharage ya njano. Yangu, niliyanunua wakati wa mavuno nikayaweka yasubiri bei ya Mwanza. Tangu nianze kazi gari langu halijawahi kwenda Mwanza tupu. Dereva wa huku akienda tupu watu wanauliza kama amefiwa.

Nikasimamisha gari mbele ya duka. Hemedi alitoka anafuta mikono kwenye msuli. Akachungulia nyuma.

"Nani huyo?"

"Yustasi. Kiharusi. Nampeleka Mwanza."

"Inna lillahi. Pole sana. Basi pita, ndugu yangu, pita. Mzigo wako nitaupandisha basi la kesho."

"Huu si mzigo, Hemedi. Ni springi. Gari tupu linamrusha kama bisi kwenye sufuria. Nikiweka magunia chini, godoro juu, atalala kama yuko kwake."

Hemedi alilitazama gari, akanitazama mimi. "Wewe ndiye dereva," akasema.

Hadija aliteremka. "Kaka, daktari alisema tusisimame."

"Sista, wewe umetoka Tanga, kule mna lami mpaka chooni. Kutoka hapa hadi Nyakanazi ni rasta tupu. Unataka kichwa chake kigongwe njia yote hiyo?"

"Sitaki kigongwe. Nataka kifike."

"Dakika kumi."

Ufunguo wa stoo alikuwa nao karani wa Hemedi, na karani alikuwa ameenda msibani nyuma ya mji. Akapigiwa simu, akasema yuko njiani. Mnajua maana ya yuko njiani. Nilizunguka lile gari mara ngapi sijui, nikitafuna kijiti changu, napiga tairi mateke, naangalia barabara. Nikamtuma mwendesha bodaboda amfuate. Bodaboda naye akakuta watu wanazika, na huwezi kumtoa mtu kaburini kabla ya udongo. Kila nikitaka kuondoka najiambia nimeshasubiri yote haya, sasa ni dakika kumi tu. Nikiondoka, hizi nilizosubiri zitakuwa bure. Vijana, mkijisikia mnasema hivyo, washeni gari.

Katikati ya hapo nilisikia sauti kutoka nyuma. Nzito, imekunjamana, lakini niliijua.

"Kaka. Twende."

"Dakika kumi, Yustasi."

Karani alifika. Wapakiaji wawili hawakutosha, kwa sababu ilibidi mgonjwa anyanyuliwe na godoro lake, awekwe kwenye baraza ya Hemedi huku Hadija ameshikilia dripu juu kama taa, magunia yalazwe, yasawazishwe, arudishwe. Adela alikuwa amekaa kwenye ngazi ya duka. Hakuninung'unikia hata mara moja. Alikuwa ameniambia mimi ndiye ninayejua gari, na yeye ni mtu wa kushika neno lake. Tulipoondoka Kibondo ilikuwa saa sita kasoro dakika kumi.

Na nitawaambia ukweli: gari lilitulia. Lilikwenda kama kitanda. Nilijisifu mpaka Kakonko. Nilimwita Hadija kwa kioo, "Umeona, sista? Umeona?" Hadija alisema, "Nimeona." Alikuwa amemwashia Yustasi tochi machoni, anaizima, anaiwasha.

Nyakanazi tukakanyaga lami, nikaliachia gari. Tulipita Biharamulo. Adela alikuwa anamsemesha mumewe kwa Kiha, polepole, habari za mbuzi aliyezaa mapacha, na mumewe anaitikia mm. Halafu akawa haitikii. Akatapika. Hadija akamlaza ubavu, akamfuta, akawasha tochi.

"Saa ngapi?" akauliza.

"Saa tisa na nusu."

"Mboni ya jicho la kulia imekuwa kubwa. Haisinyai nikimulika." Aliandika kwenye karatasi, mwandiko wake haukutikisika. "Kaka, sasa endesha."

Niliendesha. Sitawasimulia nilivyoendesha kwa sababu baadhi yenu mtaiga. Kivuko cha Busisi tulikikuta kiko katikati ya maji, kinakwenda upande wa pili, mgongo wake tunauona. Tukangoja kirudi. Nilishuka, nikatembea mpaka kwenye maji, nikarudi, nikatembea tena. Nilikuwa nimeshapiga hesabu na sikuweza kuizuia: tungepita Kibondo bila kusimama, saa tisa na nusu ile, jicho linapobadilika, tungekuwa hapa. Tungekuwa tunayaona maji.

Hadija alikuwa amekaa mlangoni mwa gari, miguu nje, anatazama mchanga wa ziwa. Akaniuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujifunza.

"Kaka, gari zito ndilo linalotulia?"

"Ndiyo."

"Hata likiwa zito kwa mchanga?"

Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo, kijiti cha kiberiti kikaanguka. Nikakiangalia pale chini. Niliinama nikakiokota, nikakitia mfukoni. Kijiti hicho nilikuwa nimekitafuna mbele ya duka la Hemedi karibu saa tatu nzima, matairi manne yako mbele yangu yamejaa upepo wa Mungu.

Mwanza tulifika saa mbili usiku, hospitali ya rufaa. Nisiwachoshe na korido. Walimwingiza kwenye mashine ya duara wakampiga picha ya kichwa, na daktari wa upasuaji akanionyesha kwenye kioo. Alikuwa kijana, mdogo kuliko mimi, akaniita mzee.

"Mzee, huu upande wa kulia uliokosa damu umevuta maji, umevimba. Fuvu halitanuki. Kwa hiyo unausukuma ubongo mzima huku, unaona mstari huu wa katikati ulivyohama? Na chini unakandamiza sehemu inayomfanya apumue."

"Kama tyubu ndani ya tairi," nikasema, nisionekane mjinga.

"Tyubu ina vali. Kichwa hakina." Hakujua alichonichoma nacho. "Tunataka kukitengenezea. Tunatoa kipande cha fuvu." Akaweka kiganja chake kichwani mwake mwenyewe, kutoka juu ya nyusi hadi nyuma ya sikio. "Kikubwa hivi. Kikiwa kidogo hakisaidii. Tunafungua na utando ulio chini, ubongo upate pa kuvimbia. Ubongo wenyewe hatuukati. Tunashona ngozi juu."

"Atapona?"

"Operesheni hii haiponyi kiharusi. Mkono na mguu wa kushoto sikuahidi. Inamzuia asife usiku huu, na hata hilo si hakika, kwa sababu jicho limeshabadilika. Uamuzi ni wenu."

Adela alisema, "Fungueni." Neno moja, akatia dole gumba kwenye karatasi. Mimi ndiye mkubwa wa familia na nilikuwa bado napumua tu.

"Na huo mfupa?" nikauliza. "Mnautupa?"

"Hapana. Tunamchana kidogo tumboni, tunauweka chini ya ngozi, kwenye mafuta. Mwili unautunza. Akipona, baada ya miezi kadhaa tunautoa tunaurudisha kichwani."

Hapo, vijana, nilikaa chini. Mimi niliyebeba maiti yenye kofia. Kichwa cha mdogo wangu kitakaa tumboni mwake kikisubiri.

Halafu daktari akauliza, kalamu iko tayari, "Mlitoka Kasulu saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili asubuhi."

"Saa kumi na nne njiani." Aliandika. "Mbona nyingi?"

"Barabara, daktari," nikasema. "Barabara ni mbaya sana."

Hadija alikuwa ananawa mikono kwenye sinki, mgongo wake kwetu. Alifunga bomba. Hakugeuka.

Walinituma wembe wa kumnyolea. Nilikimbia mpaka dukani nje ya geti, nikanunua mbili kwa mia mbili, nikarudi nikikimbia, ingawa nadhani walinituma ili nitoke pale. Operesheni ilichukua saa tatu. Mlinzi aliniambia nikae mara nne. Mara ya tano akaleta kiti chake mwenyewe.

Walipomtoa alikuwa na mpira kooni na kichwa kimefungwa bandeji nyeupe, na juu ya bandeji, upande wa kulia, mtu ameandika kwa kalamu nene. Nilisoma herufi moja moja, kama darasa la nne: HAKUNA MFUPA.

Siku kumi na moja hakufungua macho. Mimi niliuza yale maharage siku ya tatu, kwa sababu gari lilihitaji kuwa tupu na dawa zilihitaji kununuliwa. Bei ilikuwa nzuri. Nilipata faida ya elfu kumi na mbili kila gunia, na nilizihesabu pale sokoni mara mbili kwa mazoea kabla sijaona aibu.

Siku ya kumi na mbili alifungua macho. Siku ya kumi na sita walitoa mpira. Nilikuwa nimesimama upande wake wa kulia, kwa sababu upande wa kushoto mtu alikuwa hamwoni, alikuwa kama hajui kwamba dunia ina kushoto. Alinitazama muda mrefu. Midomo ilikuwa imekauka, Adela akaipaka maji kwa pamba. Sauti ikatoka kama mlango wa stoo.

"Maharage yalifika?"

Nilidhani sikusikia. Nilidhani hakumbuki lolote la siku ile.

"Nilikuwa nimelala juu yake, kaka," akasema. "Nilisikia kila gunia."

Adela aliacha kumpaka maji. Yustasi akafumba macho, na ule upande wa mdomo uliokuwa bado wake ukapanda kidogo. Alikuwa anacheka. Mngejua alivyo mtu asiyesema, mngejua kwamba angenitukana ningefurahi zaidi.

Alirudi Kasulu na kichwa kilichobonyea upande mmoja, laini, ukiweka kiganja unasikia moyo unapiga. Kwa kuogopa asianguke nacho nilimnunulia kofia ya pikipiki. Alikula nayo, alikwenda kanisani nayo. Watoto wakamwita bodaboda asiye na pikipiki, naye akawa anawauliza wanakwenda wapi, na nauli.

Mwaka 2015 tulirudi Mwanza kurudishiwa mfupa. Daktari ni yule yule. Walipomaliza, na Yustasi amelala kichwa chake kimerudi umbo, nilimfuata daktari kwenye ngazi.

"Daktari, ile siku barabara haikuwa na kosa. Nilisimama Kibondo kupakia maharage. Saa tatu kasoro."

Alikuwa na chai mkononi. Hakuinywa.

"Ningewahi, mkono wake ungekuwa mzima?"

"Mkono ulikuwa umeshakwenda asubuhi ya kwanza, kwa sehemu kubwa. Mengine sijui." Alifikiri. "Wapo wanaowahi tunawapoteza. Yeye alichelewa akaishi."

"Nataka unieleze."

"Siwezi kukueleza, mzee. Na ningeweza, nisingekueleza."

Akapanda ngazi. Nilibaki pale napanda moja nashuka moja, mpaka mtu wa usafi akaniomba nichague.

Mkonga niliuuza mwezi huo huo, kulipia operesheni ya pili na madeni ya ile ya kwanza. Aliyeununua ni kijana wa Kibondo. Nilimwonyesha kila kitu, na nilimwonyesha kijiti cha kiberiti, akadhani namtania. Hiyo ndiyo siku niliyostaafu. Gari jingine ningeweza kupata, mimi si mtu wa kukosa. Lakini nikishika usukani nasikia mtu nyuma anasema twende.

Sasa kazi yangu ni hii. Mwashi anashika mwiko kwa mkono wa kulia na tofali kwa mkono wa kushoto. Yustasi kulia anako, anakaa kwenye stuli, mguu wa kushoto ameufunga chuma, anatandaza udongo. Tofali naliweka mimi. Mimi ndiye mkono wa kushoto. Nimekuwa kibarua wa mdogo wangu, na ananisumbua kuliko tajiri yeyote: sogeza, umezidisha, shusha, siyo hivyo, dakika kumi hizo. Hilo la dakika kumi analisema kila siku, na kila siku analicheka peke yake. Hadija alipohamishwa kurudi kwao alipita kutuaga, akasimama akatutazama tunavyojenga. Akasema, "Ukuta umenyooka." Nikajisikia kama nimepewa cheti.

Adela hajaniambia neno juu ya siku ile. Ananiwekea chakula, ananiita shemeji. Ila hajasema tena kwamba mimi ndiye ninayejua kitu.

Juzi wakati wa kupumzika nilikuwa nazunguka zunguka, Yustasi akaniita niketi. Sikuketi. Akaniambia, "Basi simama tupige hesabu, labda utatulia." Yeye hesabu anaweka kichwani, hata mfupa ulipokuwa tumboni hazikupotea. Akanitajia operesheni ya kwanza, ya pili, vitanda, dawa, chakula cha Adela kule Mwanza, kivuko, kofia ya pikipiki, chuma cha mguu, mpaka wembe. Ikafika milioni sita, elfu nane na mia mbili.

"Sasa toa faida ya maharage," akasema.

"Hiyo usiiweke."

"Mahesabu ni mahesabu, kaka. Magunia sita, elfu kumi na mbili kila moja. Ulizipata, toa."

Alikuwa amenikazia macho, ule upande mmoja wa mdomo umeshaanza kupanda. Nikatoa. Kwa hiyo mkinikuta njiani mkaniuliza siku ile ilitugharimu kiasi gani, jibu ni hilo, amelipiga mwenyewe aliyelala juu ya magunia: shilingi milioni tano, laki tisa, elfu thelathini na sita na mia mbili.